Sura ya Tano: Joto la Mwili na Joto la Sindano

Mtoto anayezaliwa Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut kaskazini mwa Kanada, na mtoto anayezaliwa Tanga wanatoka mahali pamoja: tumboni mwa mama, ndani ya maji yenye joto la nyuzi 37 au zaidi kidogo. Wote wawili wanatoka wamelowa chapachapa. Kama ni Januari, nje ya dirisha la wodi ya Iqaluit baridi imeshuka hadi nyuzi 25 au 30 chini ya sifuri, na nje ya wodi ya Tanga jua linachoma. Hata hivyo, kwa dakika za mwanzo shida yao ni moja. Mwili mdogo uliolowa hupoteza joto haraka, na mtoto mchanga hana uwezo wa kutetemeka kama mtu mzima ili ajipashe moto. Ndiyo maana wakunga wa kwetu hufundishwa kumkausha mtoto papo hapo, kumlaza kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, na kuacha kumwogesha mpaka saa 24 zipite, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Baridi huua vichanga hata Pwani, na wanaoumia zaidi ni waliozaliwa kabla ya siku zao.

Njiti huumia zaidi kwa sababu ametoka kabla hajajaziwa akiba yake. Mtoto aliyetimiza miezi tisa huja duniani na mafuta ya namna ya pekee, yamekaa kati ya mabega, shingoni, na kuzunguka figo. Ukiyaona kwa macho hayana weupe wa mafuta ya nyama ya buchani. Yana rangi ya kahawia. Haya ndiyo mafuta ya kahawia, na kazi yake ni kuzalisha joto bila mwili kutikisika.

Mafuta meupe ni ghala. Kila seli yake imebeba tone moja kubwa la mafuta, na imetulia kusubiri siku ya njaa. Seli ya mafuta ya kahawia ina matone mengi madogo, na katikati yake imesongamana mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyochoma chakula kwa kutumia oksijeni. Mitokondria zina madini ya chuma, na hapo ndipo rangi ya kahawia inapotoka. Katika seli nyingine za mwili, mitokondria husukuma chembe ziitwazo protoni upande mmoja wa utando wake, kisha chembe hizo zinaporudi hupitia kwenye mtambo unaotengeneza nishati ya kazi: ya kukunja misuli, kujenga protini, kufikiri. Seli ya mafuta ya kahawia ina protini iitwayo UCP1 inayozifungulia protoni mlango wa pembeni. Zinarudi bila kuzungusha mtambo, na nguvu yote inatoka kama joto. Ni jiko la mkaa lililowashwa bila sufuria juu yake: mkaa unakwisha, hakuna kilichopikwa, lakini chumba kimepata moto. Damu inayopita hapo hulibeba joto na kulisambaza mwilini. Amri ya kuwasha hutoka kwenye ubongo. Ngozi ikihisi baridi, mishipa ya fahamu humwaga noradrenalini juu ya seli hizo, na moto unashika.

Tabibu na mwanasayansi wa Zürich, Conrad Gessner, alikwisha kuyaona mafuta haya mwaka 1551, mgongoni mwa mnyama wa milimani anayelala usingizi kipindi chote cha baridi. Alishindwa kuyaweka kwenye kundi la mafuta au la nyama. Karne nne zilipita kabla ya kazi yake kufahamika. Katika miaka ya 1960 Michael Dawkins na David Hull, wakiwa Oxford, walionyesha kwa kutumia vitoto vya sungura kwamba hapo ndipo joto la kichanga linapozalishwa. Kuhusu watu wazima, vitabu vya udaktari viliendelea kufundisha kwamba akiba hiyo huyeyuka utotoni na kwisha.

Haikwisha. Mwaka 1981 watafiti wa Ufini walichunguza miili ya marehemu waliokuwa wakifanya kazi za nje katika baridi ya kaskazini, wakayakuta mafuta ya kahawia shingoni. Taarifa yao haikutikisa mtu. Kilichokuja kubadili mambo ni mashine za kutafuta saratani. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa mionzi kidogo, na mashine huonyesha ni wapi sukari hiyo inaliwa kwa wingi, kwa kuwa uvimbe wa saratani una ulafi wa sukari. Madaktari walikuwa wakiona alama zinazong'aa pande zote mbili za shingo na juu ya mtulinga, zimelingana kulia na kushoto, hasa wakati wa baridi. Ziliwasumbua, maana zilivuruga picha. Wakagundua kwamba mgonjwa akifunikwa blanketi kabla ya kipimo, alama zinapotea. Mwaka 2007 Jan Nedergaard na Barbara Cannon wa Stockholm, pamoja na mwenzao Tore Bengtsson, wakazikusanya taarifa hizo na kusema wazi zinamaanisha nini, na Aprili 2009 makala tatu, kutoka Boston, Maastricht na Turku, zilitoka pamoja katika jarida la New England Journal of Medicine. Mtu mzima ana mafuta ya kahawia, na yanafanya kazi.

Tena yanafundishika. Mwaka 2013 watafiti wa Japani walieleza jinsi walivyowaweka watu katika chumba cha nyuzi 17 kwa saa mbili kila siku, wiki sita mfululizo. Mafuta yao ya kahawia yalizidi kuchangamka. Mwaka huohuo watafiti wa Maastricht walitumia siku 10 tu, saa sita kwa siku, katika nyuzi 15 hadi 16, na washiriki wakawa hawatetemeki kama mwanzo.

Swali lililofuata lilijileta lenyewe. Ikiwa wiki sita za ubaridi mdogo zinaamsha mafuta ya kahawia ya mtu wa mjini, watu ambao wazee wao wameishi Aktiki kwa maelfu ya miaka wakoje? Wainuiti wanaishi Greenland, kaskazini mwa Kanada na Alaska, na ndugu zao wako ncha ya mashariki ya Siberia. Magazeti yakapenda kuandika kwamba siri yao imepatikana: wana mafuta maalumu, wana jeni ya baridi, maumbile yamewapa. Maneno ya namna hii yananikera. Mwili wa Mwinuiti umebadilika kweli, na nitaeleza jinsi ulivyobadilika. Lakini anayeishia kwenye mwili amemnyang'anya Mwinuiti sifa ya kile alichokibuni kwa akili na kukifanya kwa mikono, ambacho ni kikubwa kuliko chochote alichorithi katika damu.

Nianze na damu.

Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Copenhagen, Berkeley na wenzao. Walisoma vinasaba vya Wainuiti 191 wa Greenland ambao hawana mchanganyiko mkubwa wa asili ya Ulaya, wakavilinganisha na vya Wazungu 60 na Wachina wa kabila la Han 44. Walikuwa wakitafuta mahali ambapo toleo fulani la jeni limeenea kwa Wainuiti kuliko bahati nasibu inavyoweza kueleza. Likienea hivyo, ni dalili kwamba waliokuwa nalo zamani waliishi na kuzaa zaidi ya wasiokuwa nalo.

Mahali palipojitokeza kuliko pote hapakuhusu baridi moja kwa moja, palihusu chakula. Kuna kundi la jeni ziitwazo FADS, ambazo huuwezesha mwili kutengeneza mafuta marefu ya omega-3 na omega-6 kutokana na yale mafupi yaliyo kwenye mimea. Mwinuiti wa kale hakuwa na mimea mingi ya kula. Alikula sili, nyangumi, samaki na nyama ya karibou, yule kulungu wa Aktiki, na mnyama wa baharini tayari ana omega-3 tele. Mwili unaoletewa kitu kikiwa tayari hauna haja ya kukitengeneza kwa wingi. Matoleo ya FADS yaliyopunguza utengenezaji huo yakaenea mpaka karibu kila Mwinuiti akawa nayo, wakati kwa Wazungu yako kwa asilimia 2 na kwa Wachina wa Han asilimia 15. Matoleo hayohayo hupunguza kimo kwa wastani wa sentimeta 2 hivi, na hupunguza uzito pia. Watafiti walikadiria kwamba mabadiliko haya yalianza kuenea angalau miaka 20,000 iliyopita, kabla wazee wa Wainuiti hawajaiona Greenland.

Hapa pana jambo linalomhusu kila mtu anayenunua vidonge vya mafuta ya samaki. Katika miaka ya 1970 madaktari wawili wa Denmark, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walikwenda Greenland, wakaona Wainuiti wanakula mafuta mengi ya wanyama wa baharini, na damu yao haina dalili za hatari za moyo walizozitarajia. Kutoka hapo biashara kubwa ya vidonge ikaota mizizi duniani. Utafiti wa 2015 ulionyesha kwamba miili ile ilikuwa na jeni zake za kukabili mafuta yale. Kilichomfaa Mwinuiti hakiwezi kuchukuliwa hivihivi kuwa dawa ya kila mtu.

Mahali pengine palipojitokeza ni kwenye jeni mbili zilizo jirani, TBX15 na WARS2. TBX15 ina kazi kadhaa. Inashiriki katika kuunda mifupa, katika kuamua mafuta yakae sehemu gani ya mwili, na katika kuzielekeza seli changa za mafuta ziwe za kuzalisha joto. Hapo ndipo mafuta ya kahawia yalipoingia katika habari za Wainuiti. Utafiti uliofuata, ulioongozwa na Fernando Racimo, ulikwenda mbali zaidi na kuuliza kipande hiki cha jeni kimetoka wapi. Jibu likapatikana pangoni. Katika pango la Denisova, milima ya Altai huko Siberia, ulipatikana mfupa mdogo wa kidole cha binti, na mwaka 2010 wanasayansi wakasoma vinasaba vyake. Hakuwa mtu kama sisi, wala hakuwa Neanderthal. Alikuwa wa jamii nyingine ya binadamu wa kale, ambao sasa wanaitwa Wadenisova. Kipande cha TBX15 na WARS2 walicho nacho Wainuiti kinafanana mno na cha binti yule. Wazee wa Wainuiti walipokuwa bado Asia walizaa na watu wa kale wa jamii hiyo au ndugu zao wa karibu, na kipande hicho kikabaki. Waafrika karibu hawana kabisa, maana wazee waliobaki barani hawakukutana na Wadenisova.

Habari hii inanisisimua kila ninapoisoma, na bado inahitaji kupimwa vizuri. Kipande hicho hakiko kwa Wainuiti peke yao. Kiko kwa wingi kwa watu wa Asia ya Mashariki na kwa wenyeji wa asili wa Amerika, wakiwamo wale ambao kwa vizazi vingi wameishi nchi za joto. Wote hao wamebeba urithi mmoja, na ni wachache tu kati yao wanaoishi juu ya barafu ya bahari. Jeni imesaidia. Haiwezi kuwa ndiyo hadithi nzima.

Njia nyingine ya kuutazama mwili ni kupima moto wake. Mwaka 1908 mwanafiziolojia wa Denmark August Krogh, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya 1920, alisafiri na mkewe Marie, daktari na mtafiti kwa haki yake, hadi kisiwa cha Disko magharibi mwa Greenland. Walibeba chumba cha kupimia pumzi: mtu hukaa ndani, hewa anayoivuta na kuitoa inapimwa, na kutokana nayo hujulikana ni kiasi gani cha chakula mwili wake unachoma na ni chakula cha aina gani. Waliowapima walikula nyama kwa kiasi ambacho Wadenmark hawakukizoea, na miili yao ilimudu.

Vipimo vya miaka iliyofuata, vya Wainuiti na vya watu wengine wa kaskazini ya mbali, vimekuwa vikionyesha kwamba mwili uliopumzika kule huunguza nishati nyingi kuliko kanuni za vitabuni zinavyotabiri, wakati mwingine kwa zaidi ya asilimia 10. Homoni za tezi ya shingo zina mkono wake hapo. Chakula nacho kina wake. Mwili unapomeng'enya protini hutumia robo hivi ya nishati ya protini hiyo katika kazi ya kuimeng'enya tu, na nishati hiyo hutoka kama joto. Kwa wanga ni kidogo, kwa mafuta ni kidogo zaidi. Kaare Rodahl, daktari wa Norwe aliyefanya kazi Alaska katika miaka ya 1950, alisisitiza kwamba sehemu kubwa ya moto huo ilitokana na nyama. Mwindaji aliyeshiba sili hujipasha joto akiwa ameketi.

Mafuta ya kahawia yenyewe yamepimwa kwa watu wengine wa kaskazini ya mbali. Mwaka 2018 Stephanie Levy na wenzake walichapisha kazi yao kuhusu Wasakha wa Yakutia, kaskazini mashariki mwa Siberia, sehemu yenye miji inayohesabiwa kati ya miji baridi kuliko yote duniani. Walitumia kamera ya joto kutazama ngozi iliyo juu ya mtulinga, kabla na baada ya mtu kupoozwa. Ngozi ya hapo inapodumisha joto wakati mwili mwingine unapoa, ujue chini yake kuna mafuta ya kahawia yanayowaka. Waliokuwa na dalili kubwa za mafuta hayo ndio waliounguza nishati zaidi walipopigwa na baridi.

Halafu kuna mikono. Baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari G. Malcolm Brown wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kingston, aliongoza safari za utafiti hadi kisiwa cha Southampton, kaskazini mwa ghuba ya Hudson. Yeye na mwenzake John Page waliingiza mikono ya Wainuiti katika chombo cha maji na kupima damu inayopita. Katika hali ya kawaida ya chumba, damu iliyopita mkononi mwa Mwinuiti ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya wanafunzi wa kizungu waliolinganishwa naye. Maji yalipokuwa baridi mkono wake uliendelea kupata damu, na maumivu yalikuwa madogo.

Mkono wowote ukiingizwa kwenye maji ya barafu, mishipa hubana, vidole huwa vyeupe na kuuma. Baada ya dakika tano hadi 10 mishipa hufunguka kidogo, damu inarudi, kisha inabana tena, na inaendelea hivyo kwa zamu. Sir Thomas Lewis alieleza jambo hili London mwaka 1930. Kwa Mwinuiti ufungukaji huja mapema na kwa nguvu. Ukifikiria kazi yenyewe utaelewa thamani yake: kumnasua sili kwenye tundu la barafu, kufungua fundo la kamba ya mbwa wa sleji, kuchinja na kuchuna, yote kwa vidole vitupu maana glavu nene haziruhusu. Mkono uliokufa ganzi dakika ya pili ungeiua familia kwa njaa.

Je, mkono huo ni wa kurithi au wa kufundishwa na kazi? Mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti waliwapima wavuvi wa Gaspé, Kanada, na wachunaji wa samaki wa Uingereza, watu wasio na uhusiano wowote wa damu na Wainuiti. Mikono yao, iliyoshinda kwenye maji baridi mwaka baada ya mwaka, ilikuwa imejifunza jambo lilelile: damu kuendelea kupita, maumivu kupungua. Kazi ina sehemu yake kubwa.

Sasa niwalete Per Scholander na Laurence Irving, ambao vipimo vyao vinafaa kusomwa kabla ya makala yoyote ya jeni za baridi. Walifanya kazi Point Barrow, ncha ya kaskazini ya Alaska, na mwaka 1950 walichapisha matokeo yao kuhusu wanyama wa Aktiki na wa nchi za joto. Swali lao lilikuwa jepesi: hewa ipoe kiasi gani ndipo mnyama alazimike kuongeza moto wa mwili wake? Mbweha mweupe wa Aktiki, ndani ya manyoya yake, anaweza kutulia mpaka karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Binadamu aliye uchi huanza kuongeza moto hewa ikishuka chini ya nyuzi 27 hivi, sawa na wanyama wa misitu ya tropiki. Nyuzi 27 ni jioni ya kawaida ya Mombasa. Hakuna mafuta ya kahawia, nyama ya sili, wala jeni ya Denisova inayoweza kuziba pengo kutoka hapo hadi usiku wa Januari wa Aktiki. Mwinuiti hakuliziba kwa mwili. Alilishona.

Kazi huanza mwishoni mwa kiangazi, Agosti na Septemba, wakati unyoya wa karibou umefikia urefu unaofaa, na ngozi haina tena matundu ya funza wa nzi anayeishi mgongoni mwa mnyama huyo. Akiuawa mapema, ngozi ni mbovu. Akiuawa katikati ya msimu wa baridi, ngozi ni nzito kupita kiasi kwa nguo ya kuvaliwa mwilini. Kila unyoya wa karibou una vijitundu vya hewa ndani yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto. Ngozi inakwanguliwa, inakaushwa, inakwanguliwa tena, inasuguliwa mpaka ilainike kama kitambaa. Mshonaji huikata kwa ulu, kisu cha nusu mwezi, bila karatasi ya vipimo. Anampima mtu kwa macho na kwa shubiri. Uzi ni kano zilizotolewa kando ya uti wa mgongo wa karibou, zikakaushwa na kuchanwa nyembamba.

Nguo kamili ya msimu wa baridi ni mbili. Ya ndani huvaliwa manyoya yakigusa mwili, ya nje manyoya yakitazama nje, na kati yake hewa inabaki imetulia. Nguo hiyo haibani. Mwindaji akikimbia nyuma ya sleji joto linapanda, naye hulegeza kofia shingoni ili hewa ya moto na unyevu vitoke juu. Jasho ni adui mkubwa kuliko upepo, kwa sababu nguo iliyolowa jasho ikiganda haina faida tena. Akirudi nyumbani, kabla ya kuingia penye joto, theluji na barafu hukung'utwa kwenye manyoya kwa fimbo maalumu, lau sivyo zitayeyuka na kuilowesha ngozi. Ukingo wa kofia hushonewa manyoya ya mbwa mwitu, ambayo barafu ya pumzi hupangusika kwa urahisi.

Viatu vya ngozi ya sili, kamik, ndivyo vinavyonifanya niwaheshimu washonaji hawa kuliko mafundi wengi ninaowajua. Kiatu hiki lazima kizuie maji. Mshonaji hupitisha sindano ndani ya unene wa ngozi bila kuitokeza upande wa pili, kisha hugeuza na kushona mstari wa pili upande ule mwingine kwa namna hiyohiyo. Hakuna tundu hata moja linalovuka ngozi yote. Kano nazo zikilowa huvimba na kuziba pale zilipopita. Jaribu kulifanya hilo kwenye ngozi nene kidogo kuliko karatasi ngumu, kwa mwanga wa qulliq, taa ya jiwe inayowaka kwa mafuta ya sili.

Mwanamke mwenye mtoto huvaa amauti, koti lenye mfuko mgongoni ambamo mtoto hukaa amegusana na mwili wa mama yake, chini ya kofia pana. Joto la mama ndilo joto la mtoto. Wahudumu wetu wanaowafundisha akina mama wa njiti kumbeba mtoto kifuani kwa mtindo wa kangaroo wanafuata kanuni hiyohiyo, na amauti ilikuwapo zamani kabla ya mtindo huo kupata jina hospitalini.

Ndani ya nguo hizi, ngozi ya Mwinuiti inabaki katika joto la nchi za tropiki, huku nje dunia imeganda. Mafuta ya kahawia, moto wa nyama na damu ya mikononi vinapata nafasi ya kufanya kazi yake kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo imekwisha kubebwa na mshono.

Historia ilifanya jaribio la kusikitisha kuhusu jambo hili. Mwaka 1845 Sir John Franklin aliondoka Uingereza na meli mbili kutafuta njia ya bahari kaskazini mwa Amerika. Meli zilikwama kwenye barafu karibu na kisiwa cha King William, nchi ya Wainuiti, na kati ya watu 129 hakuna aliyerudi. Walikuwa na sare za sufu na makopo ya nyama. Mwaka 1854 msafiri John Rae alipata kwa Wainuiti habari za mwisho wao, na Uingereza ikakataa kuwaamini waliozitoa. Nusu karne baadaye Roald Amundsen wa Norwe alifika kisiwa hichohicho na watu sita, akatia nanga mahali panapoitwa leo Gjoa Haven, akakaa huko kuanzia 1903 hadi 1905. Alijifunza kwa Wanetsilik, kundi la Wainuiti wa hapo, jinsi ya kuvaa ngozi, kujenga nyumba ya theluji na kuendesha mbwa. Akaikamilisha njia iliyomshinda Franklin, na mwaka 1911 alifika ncha ya kusini ya dunia amevaa manyoya kwa mtindo aliofundishwa. Amundsen hakutegemea kipande chao cha TBX15 wala jeni zao za FADS. Alikuwa na unyenyekevu wa kuuliza.

Urithi wa damu, kwa upande wake, si baraka nyakati zote. Mwaka 2014 timu ya Copenhagen ilieleza toleo la jeni TBC1D4 ambalo kwa Wagreenland liko kwa kiwango cha asilimia 17. Linaizuia misuli kuchukua sukari kutoka kwenye damu baada ya kula. Kwa mlaji wa sili halikuwa na madhara makubwa, maana sukari haikuwapo mezani. Kwa mlaji wa mkate, soda na biskuti za dukani, mtu aliyelirithi kwa baba na mama huwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili mara 10 ya mwenzake. Mwili uliofinyangwa na bahari umeletewa kontena la vyakula vya viwandani, na zahanati za Greenland ndizo zinazolipa gharama.

Ujuzi wa sindano nao una wasiwasi wake. Nyumba zina mitambo ya joto na koti la kiwandani linapatikana dukani, lakini anayesafiri siku nyingi barafuni bado anapendelea karibou, na ngozi ndiyo inayokosekana. Katika kisiwa cha Baffin, kikubwa kuliko nusu ya Tanzania, hesabu ya mwaka 2014 ilikadiria karibou chini ya 5,000, baada ya miongo ya kuwa makumi ya maelfu. Januari 2015 serikali ya Nunavut ilisimamisha uwindaji wao kisiwani kote, na baadaye mwaka huohuo ikaruhusu madume 250 tu. Nguo kamili ya mtu mmoja inataka ngozi kadhaa. Binti wa Baffin anayetaka kujifunza kushona leo anaweza kuwa na bibi wa kumfundisha, akawa na ulu na kano, akakosa ngozi ya kukata.